Gari Lililopona Kanisani

Usimwambie Keziah Nkirote kwamba hakuweka ushahidi. Atakurukia. Mwanamke huyu ni muuguzi wa kuzunguka majumbani, na kazi yake mchana kutwa ni kuandika: presha ya mzee huyu, sukari ya mama yule, kidonda kimekauka ama bado kinatoa maji. Kazini kwao jambo ambalo halikuandikwa linahesabiwa halikufanyika, hata kama ulilifanya kwa mikono yako miwili na mgonjwa mwenyewe anakushukuru. Kwa hiyo gari lake jipya lilipoanza kumzimikia barabarani, Keziah alilifungulia faili kama mgonjwa. Na faili lilikuwa safi, jamani, safi hadi wakili akalisifu. Aliyelichafua ni yeye mwenyewe, tena kwa mdomo wake, tena ndani ya nyumba ya Mungu. Ndiyo maana hasira yake mpaka leo haina pa kwenda.

Gari lenyewe alilinunua Inver Grove Heights, huku kwetu Minnesota, Marekani. Yeye anakaa Champlin, huku kaskazini kabisa, na njiani kutoka kwake mpaka kule kuna maduka ya magari ya kumwaga. Sasa kwa nini ayapite yote? Kwa sababu Muriuki alikuwa ndani. Sisi watu tunaoishi nje tuna ugonjwa huo. Hatuulizi duka gani ni zuri, tunauliza nani wetu anafanya kazi wapi. Muriuki alikuwa mtu wa kanisa moja naye, mzee wa kanisa hasa, na pale dukani alikaa kwenye kaunta ya kupokea magari yanayoletwa kutengenezwa. Keziah alimwita Baba Brandon, naye alimwita Mama Leah. "Mama Leah, nunua kwetu," alimwambia baada ya ibada, "likikusumbua hata kidogo, mimi niko pale. Hutapanga foleni kama wazungu."

Lilikuwa gari zuri, jekundu, linanukia upya. Pasta Maurice aliliombea kwenye maegesho ya kanisa, akaweka mkono juu ya boneti, watu wakapiga vigelegele. Mumewe Zadock, ambaye ni dereva wa malori ya masafa marefu na siku nyingi hulala majimbo ya watu, alionyeshwa kwa simu akacheka: "Sasa hata mimi sina gari kama hilo!"

Lilizima mara ya kwanza kwenye daraja la barabara kuu ya 494, Mto Mississippi chini na malori nyuma. Keziah alikuwa anaelekea Woodbury kwa mgonjwa wake wa asubuhi, Bernardine, mama mzee asiyeweza kujidunga sindano ya sukari kwa sababu macho yameisha. Bila kukohoa, bila kutetemeka, injini ikanyamaza. Usukani ukawa mzito, taa zote za dashibodi zikawaka kwa pamoja, na gari likaendelea kuteleza lenyewe huku watu wakimpigia honi na matusi. Alilivuta mpaka pembeni kwa nguvu za mabega. Alipotulia akajaribu kuliwasha, likawaka vizuri tu, kimya, mtoto mzuri. Hapo ndipo alipotoa simu akapiga picha ya dashibodi, akaandika ni barabara gani na alikuwa mwendo gani. Malori yanampita, yeye anaandika.

Akalipeleka kwa Muriuki. Wakalikagua, wakaandika kwenye karatasi kwamba hitilafu haikuonekana. Likazima tena kwenye 169. Akalirudisha, wakabadilisha kifaa fulani. Likazima kwenye maegesho ya duka la dawa, likazima kwenye taa nyekundu watoto wa shule wanavuka. Kila mara alilirudisha, na kila mara hakutoka pale bila karatasi. Siku moja kijana wa kaunta alitaka kumwandikia kwamba "mteja anasikia mlio." Keziah alimrudishia. "Mimi sijasikia mlio. Andika gari linazima likiwa mwendoni. Nitangoja." Akangoja, na ikaandikwa.

Kazini nako hali ikaanza kuwa mbaya. Muuguzi wa majumbani bila gari la kutegemewa ni nani? Ni mtu wa kukaa nyumbani. Msimamizi wake, dada mpole, alimwambia kwa upole ule unaouma kwamba wagonjwa hawawezi kungojea gari lipone, na kwamba wakimkosa tena atapewa muuguzi mwingine njia ile ya Woodbury. Ndipo mwenzake kazini akamwambia habari ya sheria.

Minnesota wana sheria ya magari mapya yasiyotengenezeka. Wenyewe wanaiita sheria ya limau, na kwa nini tunda la watu liteseke hivyo mimi sijui. Kwa kifupi, ukinunua gari jipya likawa na kasoro ile ile, ukalirudisha na kulirudisha, kampuni iliyoliunda inatakiwa ilichukue gari lake na kukurudishia pesa zako. Ila kwanza uwaandikie, uwape nafasi ya mwisho ya kulitengeneza. Na lazima uonyeshe kwamba hata baada ya nafasi hiyo bado ni bovu. Keziah alikwenda kwa wakili na faili lake chini ya kwapa. Wakili alifungua, akasoma, akavua miwani. "Ningepata wateja kumi kama wewe," alisema, "ningestaafu." Barua ikaandikwa.

Kampuni ikalichukua gari kwa ile nafasi ya mwisho, pale pale kwa Muriuki. Lilipotoka, Keziah aliliendesha kwa woga. Siku ikapita. Wiki ikapita. Akapita daraja la 494 akiwa amebana pumzi, akavuka. Akavuka tena. Wiki ya tatu akajikuta anaimba ndani ya gari, jambo ambalo alikuwa ameliacha tangu baridi ianze.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo mambo yalipoharibikia. Wakili alikuwa amemwonya: usiseme lolote kuhusu gari hili mpaka tujue limepona kweli. Lakini wakili ni mzungu, hajui ushuhuda. Hajui kwamba mwanamke aliyeliombesha kanisa zima kwa sababu ya gari, Jumatano baada ya Jumatano, gari likitulia hawezi kukaa kimya. Ataonekana hana shukrani. Jumapili ile Susan, mke wa Muriuki, alimgusa bega kabla ibada haijaanza. "Mama Leah, naona siku hizi unakuja mapema. Si useme kitu? Watu walikuombea." Alisema kwa moyo mweupe kabisa, na hilo Keziah hajawahi kulikana.

Basi akasimama. Simu ya kanisa ilikuwa kwenye kile kijiti chake pale mbele, inarusha ibada moja kwa moja kwa jamaa walio nyumbani.

"Bwana asifiwe kanisa."

"Amen!"

"Bwana asifiwe tena. Nimesimama kumshukuru Mungu kwa ajili ya gari langu. Mnajua vile lilinitesa. Mafundi walishindwa. Lakini leo nawaambia, gari limepona. Halizimi tena, halina shida hata moja! Na ninamshukuru Baba Brandon, Mungu amwinue kazini kwake."

Kanisa likalipuka. Muriuki alisimama na mikono juu, machozi yanamtoka. Pasta akasema Mungu wetu ni fundi. Kinanda kikadakia.

Siku chache baadaye, kwenye 94, mvua inanyesha, injini ikanyamaza.

Je, Keziah alipiga picha? Hakupiga. Alikaa pembeni ya barabara, paji la uso kwenye usukani, akalia. Angeipiga ili amwonyeshe nani? Angempigia wakili aseme nini? Na Jumapili je, angesimama mbele ya watu wale wale aseme muujiza umeisha muda wake? Mtu unaweza kumcheka, lakini hebu jiweke pale. Kuna mama alikuwa ameacha kwenda hospitali ya mbali kwa sababu ya ushuhuda ule, akisema kama Mungu ameponya chuma hatamshinda yeye. Keziah alikuwa amesikia kwa masikio yake.

Akamfuata Muriuki maegeshoni baada ya ibada, akamwambia kwa sauti ya chini. Muriuki akatazama huku na huku. "Woi. Mama Leah, usilitangaze, utawavunja watu moyo. Na ukilileta kwa mlango wa mbele wataanza maneno mengi. Nimepandishwa cheo juzi, mimi ndiye mkubwa wa kaunta sasa. Lilete Jumamosi asubuhi kabla hatujafungua, nitaliangalia mimi mwenyewe. Mambo ya karatasi yanatuchelewesha tu."

Na Keziah, yule Keziah wa karatasi, yule aliyemfanya kijana wa watu aandike upya, akakubali. Alimwamini. Alimwona kama amempunguzia aibu. Jumamosi ile Muriuki akachomeka kile chombo chao cha kusomea kompyuta ya gari, akabonyeza, akasema, "Sasa endesha." Likaenda vizuri siku kadhaa, likazima. Jumamosi nyingine akabonyeza tena. Hivyo hivyo mpaka majani yakaanza kuanguka. Leah, binti yake, alimwuliza kwa Kiingereza chake cha shule kwa nini mama asimwambie tu yule wakili. Keziah akamjibu asiingilie mambo ya wakubwa. Mtoto alikuwa na akili kuliko sisi wote.

Kilichomzindua ni lori. Injini ilinyamaza kwenye lile daraja, na safari hii hapakuwa na nafasi pembeni kwa sababu ya ujenzi. Lori lililokuwa nyuma lilifunga breki likapiga mayowe, likasimama karibu hivi kwamba kwenye kioo Keziah aliona nembo yake tu. Dereva akashuka, akaona mwanamke ameshika usukani hawezi kuuachia, akauliza kama yuko sawa. Keziah alivuka daraja akiwa juu ya gari la kuvuta magari mabovu. Bernardine alichelewa kudungwa sindano mpaka akaanza kupayuka. Msimamizi hakupiga simu tena, alituma ujumbe: njia ya Woodbury ibaki yake mpaka mwisho wa mwezi, kisha waone.

Ndipo akampigia wakili. Wakili aliposikia miezi ile yote haina karatasi, alilifungua faili upya. Kisha akasema, "Twende tukasikilizwe. Kabla ya nafasi ya mwisho una kila kitu. Tuombe wasikuulize sana juu ya baadaye."

Waliulizwa hayo ya baadaye tu.

Kikao kilikuwa kwenye ofisi moja Saint Paul, chumba cha meza ndefu. Msuluhishi, yule wa kuamua kesi kabla haijafika mahakamani, alikuwa mzee mtaratibu mwenye sweta. Upande wa kampuni alikaa mwanamke mmoja mwenye adabu nyingi, na kando yake, amevaa tai ile ile ya Jumapili, Muriuki. Keziah alimsalimia kwa mazoea: "Baba Brandon." Muriuki akaitikia kwa kichwa, macho kwenye meza.

Yule mwanamke alisema kampuni inakubali kwamba gari lilisumbua mwanzoni. Swali ni kama lilipona. Akafungua kompyuta yake, akaigeuza. Na Keziah akasikia kinanda cha kanisa lao. Akajiona mwenyewe na kitambaa chake cha zambarau, mkono juu. Gari limepona. Halizimi tena, halina shida hata moja! Wakampa msuluhishi tafsiri ya Kiingereza, imeandikwa vizuri, kila neno lilipo. Yule mwanamke hakujua Kiswahili hata cha kuombea maji. Kampuni haikujua kanisa lenyewe liko mtaa gani. Keziah alimtazama Muriuki, na Muriuki alikuwa bado anatazama meza.

"Huyu ni wewe?" msuluhishi aliuliza.

"Ni mimi."

"Ulikuwa unasema kweli?"

Ajibu nini hapo? Akisema ndiyo, gari limepona. Akisema hapana, alidanganya madhabahuni. "Siku ile ilikuwa kweli," akasema. "Wiki ile ile likazima tena."

"Una chochote kinachoonyesha hivyo? Picha? Karatasi ya gereji?"

"Nina siku moja tu, ile ya gari la kuvuta. Hizo nyingine muulizeni huyu. Nilikuwa namletea Jumamosi."

Ile karatasi ya kuvutwa, yule mwanamke aliinua kidole, ilisema tu gari lilivutwa kutoka darajani, haikusema kwa nini. Kisha msuluhishi akamgeukia Muriuki. Je, mama huyu alilirudisha gari baada ya ile nafasi ya mwisho?

Muriuki alikohoa. "Hakuna rekodi kwenye mfumo wetu," alisema. "Na kompyuta ya gari tuliisoma. Haina kumbukumbu ya hitilafu."

Keziah ni muuguzi, alielewa mara moja. Zile Jumamosi zote, kile chombo, kile kidole kinachobonyeza. Muriuki hakuwa analitengeneza gari. Alikuwa anafuta kumbukumbu za hitilafu, anafuta maandishi ya mgonjwa. Na alichosema pale mezani kilikuwa kweli tupu, rekodi haipo, kumbukumbu haipo, huwezi kumshika kwa neno lolote.

Alimkuta nje kwenye lifti. "Baba Brandon. Kwa nini?"

"Mama Leah, nina watoto," alisema Muriuki. "Kila gari linalorudishwa kampuni linaandikwa kwa jina langu. Wewe ungefanya nini?" Lifti ikafunguka, akaingia, na Keziah akangoja nyingine.

Uamuzi ulikuja kwa barua: ameshindwa. Wakili aliusoma kwa simu, akasema mahakama bado ipo, ila ile video itawafuata huko pia. Zadock alipiga kutoka Nebraska akiwa amefura. "Hilo kanisa usikanyage tena! Unanisikia? Usikanyage!"

Jumapili alikanyaga. Alikaa kiti cha tatu kutoka mbele, nyuma ya Muriuki na familia yake. Simu ilikuwa kwenye kijiti chake. Pasta Maurice akauliza nani ana ushuhuda, na Keziah akawa mbele kabla hajaitwa.

"Bwana asifiwe kanisa."

"Amen!"

"Niliwaambia hapa gari langu limepona. Lilizima wiki ile ile. Nikaona aibu kuwaambia, nikanyamaza, na kunyamaza kwangu karibu kuniue darajani. Mniwie radhi. Halafu video yenu hii, mtu wa humu ndani aliipeleka kwa kampuni, nikashindwa." Watu wakaanza kugeuka. Pasta akasogea nusu hatua. "Sitamtaja. Lakini Baba Brandon ni mtaalamu, na mbele ya msuluhishi alisema gari halina hitilafu. Mimi naamini wataalamu." Akashuka ngazi mbili za madhabahu, akamnyooshea Muriuki ufunguo. "Gari liko nje, lina mafuta. Leo wapeleke watoto nyumbani kwa gari langu. Mpite 494, pale darajani. Nami nitachukua lako, tutabadilishana jioni."

Muriuki alitazama ule ufunguo kama mtu aliyeulizwa swali kwa lugha asiyoijua. Mkono wake ulitoka kwenye goti, ukarudi kwenye goti. "Mama Leah," alisema, "haya si mambo ya kanisani."

"Chukua tu. Si ni zima?"

Ni Susan aliyejibu, bila neno. Alimtazama mumewe usoni, akamtazama muda mrefu. Kisha akamvuta Brandon kwa bega upande mmoja na mdogo wake upande mwingine, akawakumbatia wote wawili kifuani kwake, akawashikilia.

Pasta Maurice akaashiria kinanda. Wimbo ukaanza, mwanzoni watu watatu, kisha kanisa zima, kwa nguvu, kama watu wanaotaka kuziba kitu. Ibada ya siku ile ukiitafuta kwenye ukurasa wa kanisa utaona mahubiri na sadaka. Ushuhuda hauko, ulikatwa kabla ya Jumatatu.

Keziah hakungoja baraka za mwisho. Alitoka, akaingia ndani ya gari lake jekundu, akaingiza ufunguo. Likawaka mara moja. Bernardine alikuwa anamngoja Woodbury na sindano yake, na gari jingine hakuwa nalo.